Mwongozo kamili: kuomba kuona taarifa zako zilizomo Interpol, kuzirekebisha na kuzifuta

Maombi yanayopelekwa Lyon, Ufaransa, yaliko makao makuu ya Interpol, kuhusu taarifa zake hukwama kwa sababu zile zile. Fomu haina sahihi, nakala ya pasipoti haisomeki, hukumu ya mahakama imeambatanishwa kwa Kiswahili bila tafsiri. Kubwa kuliko yote: kurasa ishirini za kueleza kwamba mwombaji hana hatia.

Tume inayosikiliza maombi haya haiamui nani ana hatia. Inauliza swali moja tu: je, taarifa hii iliingizwa, ikahifadhiwa na kusambazwa kwa kufuata kanuni za Interpol? Anayelijibu swali hilo ana nafasi. Anayejibu swali jingine, hata akiwa mkweli kiasi gani, hupoteza miezi.

## Maneno ya kuyajua kabla ya kuanza

Interpol haina askari wanaozunguka wakikamata watu. Ni mtandao wa nchi wanachama 196 unaopitisha taarifa za polisi.

NCB ni ofisi ya Interpol ya kila nchi. Inaendeshwa na polisi wa nchi hiyo. Kwa Kenya na Tanzania, ofisi hiyo iko chini ya upelelezi wa makosa ya jinai. Taarifa hubaki chini ya mamlaka ya nchi iliyoituma. Interpol huihifadhi na kuipitisha.

Notisi nyekundu ni ombi kwa nchi zote kumtafuta mtu na kumzuia kwa muda, akisubiri taratibu za kumrejesha kushtakiwa au kutumikia kifungo. Yenyewe si hati ya kukamata. Kila nchi huamua uzito wake: Marekani haimkamati mtu kwa notisi nyekundu peke yake, lakini ziko nchi zinazomweka mtu rumande siku hiyo hiyo. Notisi ya bluu hutafuta habari za mtu, mahali alipo au utambulisho wake. Notisi ya kijani hutahadharisha kuhusu mtu anayedhaniwa ataweza kurudia uhalifu nchi nyingine. 

Difyusheni ni ujumbe ambao NCB moja huutuma moja kwa moja kwa nchi inazozichagua. Unaweza kuwa na madhara yale yale ya notisi nyekundu, na haumo kwenye tovuti ya Interpol.

CCF ni Tume ya Udhibiti wa Mafaili ya Interpol. Ni chombo huru ndani ya Interpol, na chemba yake ya maombi ndiyo itakayosoma karatasi zako. Inafanya kazi kwa mkataba wake ulioanza kutumika Machi 2017.

Kanuni za Data ni kanuni za Interpol za uchakataji wa taarifa, zilizoanza kutumika Julai 2012. Humo ndimo utakamotoa hoja zako.

## Vitu vya kuandaa

- Fomu ya maombi ya CCF, iliyopakuliwa upya kwenye tovuti ya Interpol. Usitumie aliyokurushia rafiki, fomu hubadilishwa.
- Nakala safi ya pasipoti au kitambulisho ambacho muda wake haujaisha. Picha, namba na tarehe zisomeke. Nakala iliyopigwa kwa simu ikiwa na kivuli cha mkono ni njia rahisi ya kurudishiwa ombi.
- Hati ya uwakilishi yenye sahihi yako, kama wakili au ndugu ndiye atakayekuombea. Itaje CCF na aina ya ombi kwa uwazi. Hati ya jumla ya kusimamia shamba au nyumba haifai.
- Orodha ya majina yako yote, kwa tahajia zote zilizowahi kuandikwa.
- Nyaraka za kesi ulizonazo: hati ya mashtaka, hati ya kukamata, hukumu, uamuzi wa kukataa kurejeshwa, barua ya hadhi ya ukimbizi.
- Tafsiri. CCF hupokea maombi kwa Kiarabu, Kifaransa, Kihispania au Kiingereza tu.
- Anwani ya barua na barua pepe ambazo utakuwa nazo mwaka mzima ujao.

Huhitaji ada. CCF haitozi hata senti, na wakili si lazima, ingawa kesi yenye siasa ndani yake au yenye mahakama za nchi mbili huhitaji jicho la mwanasheria.

Kuhusu tafsiri, Watanzania wawe makini zaidi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo hukumu nyingi mpya zimeandikwa kwa Kiswahili. Lyon hakuna wa kuzisoma. Tafsiri hukumu yote ikiwa fupi. Ikiwa ndefu, tafsiri kurasa unazozitegemea na uambatanishe asili yake. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, hufanya kazi hii, na tafsiri yenye muhuri wake ina uzito kuliko iliyofanywa na mpwa wako anayejua Kiingereza.

## Hatua ya 1: Hakikisha tatizo lako ni la Interpol

Kuzuiwa uwanja wa ndege hakumaanishi kwamba una notisi. Chanzo kinaweza kuwa kimoja kati ya hivi, na kila kimoja kina mlango wake.

Orodha ya zuio ya nchi yenyewe. Uhamiaji au polisi wa nchi husika wamekuweka kwenye orodha yao ya ndani. CCF haina mamlaka hapo. Nenda kwa wakili wa nchi hiyo.

Pasipoti iliyoripotiwa kupotea. Interpol ina kanzidata ya hati za kusafiria zilizoibwa na kupotea. Mtu huripoti pasipoti imepotea, wiki mbili baadaye anaikuta mfukoni mwa koti, anasafiri nayo, na inanyakuliwa mpakani. Ni nchi iliyoitoa pasipoti pekee inayoweza kuondoa rekodi hiyo, kwa hiyo anza na Uhamiaji. Pasipoti uliyokwisha kuiripoti usisafiri nayo tena hata ukiipata.

Kufanana majina. Tutarudi hapo kwenye hatua ya 3.

Taarifa ya Interpol kweli. Dalili nzuri ni askari wa mpakani kukuuliza kuhusu nchi ya tatu ambayo huna safari nayo, au mahakama kukuonesha karatasi yenye namba ya notisi.

Tovuti ya Interpol ina sehemu ya kutafuta notisi nyekundu kwa jina. Itazame, lakini usijitulize nayo. Sehemu kubwa ya notisi huonekana na polisi tu, na difyusheni hazipo humo kabisa. Kutokuta jina lako hakuthibitishi chochote. Vivyo hivyo cheti cha tabia njema kutoka polisi wa nchi yako: kinasema kuhusu rekodi za nchi yako tu.

Onyo: Interpol haimwandikii mtu barua pepe kumwambia anatafutwa na alipe ili afutwe. Ujumbe wa namna hiyo ni utapeli, uwe na nembo au usiwe nayo. Na anayekuahidi kwamba ana mtu wake ndani ya Lyon atakufutia jina kwa dola elfu kadhaa anakuibia mchana kweupe.

*Umefanikiwa hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja ni nchi gani unadhani ilituma taarifa na kwa nini unadhani hivyo.*

## Hatua ya 2: Chagua aina ya ombi

Kuna maombi ya aina mbili yanayokuhusu.

Ombi la kuona. Unauliza kama kuna taarifa zako na unaomba kujulishwa. Uamuzi hutakiwa kutolewa ndani ya miezi 4.

Ombi la kurekebisha au kufuta. Unasema taarifa ipo na inakiuka kanuni. Uamuzi hutakiwa ndani ya miezi 9.

Hesabu zote mbili huanza siku ombi linapoonekana limetimiza masharti ya kupokelewa. Siku uliyotuma haihesabiki. Ndiyo maana fomu isiyo na sahihi ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana: saa haijaanza hata kuhesabu. Tena muda unaweza kuongezwa pakiwa na sababu zisizo za kawaida.

Kama hujui nchi iliyotuma wala kosa lililoandikwa, anza na ombi la kuona. Kuomba kufutiwa kitu usichokijua ni kurusha mawe gizani, na hoja utakazokosea leo zitakuwa kwenye faili kesho. Lakini kama umeshakamatwa na notisi iko mbele ya mahakama, usipoteze miezi minne kuuliza kilichopo. Nenda moja kwa moja kwenye kufuta.

## Hatua ya 3: Jaza fomu bila kuacha tundu

Mambo matatu huharibu fomu za watu wa kwetu.

Majina. Pasipoti ina majina matatu, ya kwako, ya baba na ya babu, wakati mifumo ya polisi ya nchi nyingi inataka jina la kwanza na la ukoo. Matokeo yake babu anageuka kuwa ukoo. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, kisha orodhesha tahajia nyingine zote: Mohamed, Mohammed, Muhammad; Abdalla, Abdallah, Abdullah; Hussein, Husein, Hussain. Ukiacha moja, anayetafuta anaweza kukujibu kwamba hakuna kitu huku kipo chini ya herufi nyingine.

Tarehe ya kuzaliwa. Ikiwa cheti na pasipoti vinatofautiana, andika ya pasipoti na ueleze tofauti kwa mstari mmoja. Usiifiche. Tofauti isiyoelezwa huzua shaka kwamba wewe si wewe.

Sahihi. Mwombaji atie sahihi kwa mkono, ilingane na ya kitambulisho. Kama kuna mwakilishi, sahihi yako iwe kwenye hati ya uwakilishi.

Kama tatizo ni kufanana majina, sema hivyo mwanzoni kabisa na uonyeshe kinachokutenganisha na anayetafutwa: tarehe ya kuzaliwa, mahali, uraia, namba za pasipoti ulizowahi kuwa nazo, picha, na ushahidi wa ulikokuwa siku kosa lilipotendeka. Alama za vidole humaliza ubishi haraka kuliko maneno, hivyo uwe tayari kuzitoa ukiombwa.

*Umefanikiwa ukimpa fomu mtu asiyekujua naye akaweza kusema wewe ni nani, unaomba nini, na unapatikana wapi.*

## Hatua ya 4: Jenga hoja kwa kanuni

Hapa ndipo maombi hushinda au kuanguka, kwa hiyo tutakaa hapa.

Lenga kurasa zisizozidi kumi. Anza na ukweli wa kesi kwa mpangilio wa tarehe, ukurasa mmoja au mmoja na nusu. Kisha kila hoja iwe na vitu vitatu: kanuni iliyovunjwa, tukio lililoivunja, na namba ya kiambatisho kinachothibitisha. Hoja isiyo na kiambatisho ni madai. Kiambatisho kisicho na hoja ni mzigo.

### Kosa halifikii kiwango

Kifungu cha 83 cha Kanuni za Data kinasema notisi nyekundu ni kwa ajili ya makosa mazito ya jinai ya kawaida. Kwa mtu anayetafutwa kushtakiwa, adhabu ya juu ya kosa lazima iwe angalau kifungo cha miaka 2. Kwa aliyekwisha kuhukumiwa, angalau miezi 6. Kuna nafasi finyu ya kupitisha chini ya hapo, lakini kiwango ni hicho.

Kifungu hicho hicho kinaondoa makosa yanayohusu tabia na mila zinazobishaniwa baina ya mataifa, mambo ya familia na faragha, makosa ya kiutawala, na migogoro ya watu binafsi, isipokuwa yakiwa yamelenga kusaidia uhalifu mzito au yanashukiwa kuhusiana na uhalifu wa kupangwa.

Mstari huo wa migogoro ya watu binafsi ni muhimu sana kwa Waswahili waliofanya kazi Ghuba. Mkopo wa benki uliokwama, hundi ya dhamana iliyorudi, kodi ya duka iliyobaki baada ya kurudi nyumbani: mara nyingi hayo ni madeni yaliyovalishwa nguo za jinai. Onyesha mkataba wa mkopo, malipo uliyokwisha kufanya, na kwamba hapakuwa na ulaghai tangu mwanzo. Kwa Falme za Kiarabu, taja pia kwamba tangu Januari 2022 sehemu kubwa ya kesi za hundi zilizorudi kwa kukosa fedha zimetolewa kwenye jinai na nchi yenyewe. Lakini angalia: kama shtaka ni kughushi nyaraka za mshahara ili upate mkopo, hoja ya deni haitasimama, na kuilazimisha kutazichafua hoja zako nyingine.

### Siasa, dini, kabila, jeshi

Ibara ya 3 ya Katiba ya Interpol inapiga marufuku kabisa kujiingiza katika mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au kirangi. Waombaji wengi huandika "kesi yangu ni ya kisiasa" wakaishia hapo. Haitoshi.

Kifungu cha 34 cha Kanuni za Data kinataja mambo yanayopimwa: aina ya kosa, hadhi ya mtu, nani aliyetuma taarifa, msimamo wa nchi nyingine au chombo cha kimataifa, wajibu wa sheria za kimataifa, athari kwa Interpol kutofungamana na upande, na mazingira ya jumla ya kesi. Yafuate hayo kama vichwa vya aya zako, kimoja baada ya kingine.

Kinachopimwa ni upande upi unaelemea. Mwanasiasa aliyeiba bado anaweza kutafutwa kwa wizi. Kinachobeba uzito ni tarehe: uligombea lini, ulihutubia lini, na kesi ilifunguliwa siku ngapi baadaye. Mashtaka ya ufisadi yaliyoibuka wiki mbili baada ya kutangaza kugombea yanasema kitu. Yaliyofunguliwa miaka mitatu kabla hayasemi hicho.

### Ukimbizi

Sera ya Interpol ni kwamba notisi nyekundu haitakiwi kubaki dhidi ya mkimbizi anayetambuliwa, ikiwa imeombwa na nchi aliyoikimbia. Mwaka 2018 mchezaji wa mpira Hakeem al-Araibi, mkimbizi kutoka Bahrain aliyepewa hifadhi Australia, alikamatwa Bangkok kwa notisi iliyoombwa na Bahrain. Notisi ilifutwa mara hadhi yake ilipofahamika Lyon, lakini yeye aliendelea kushikiliwa hadi Februari 2019.

Somo lake ni la kiutendaji: usisubiri kukamatwa ndipo utafute barua ya ukimbizi. Ambatanisha uamuzi wa nchi iliyokupa hifadhi, au wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wenye tarehe na hali ya sasa. Na usome onyo la hatua ya 5 kabla hujautuma.

### Haki za binadamu

Ibara ya 2 ya Katiba ya Interpol inaitaka Interpol ifanye kazi kwa moyo wa Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Hoja ya jumla kwamba mahakama za nchi fulani ni mbovu haifiki mbali. Hoja inayofika ni ya kwako: ulihukumiwa bila kuitwa, wakili wako alizuiwa, mahakama ya nchi nyingine ilikataa kukurejesha kwa sababu hizo. Uamuzi wa kukataa kurejeshwa ni miongoni mwa nyaraka zenye nguvu kuliko zote unazoweza kuwa nazo.

### Taarifa yenyewe ni mbovu

Kifungu cha 12 cha Kanuni za Data kinataka taarifa iwe sahihi, inayohusika, isiyozidi mahitaji na iliyo ya kisasa. Notisi nyekundu lazima ieleze kwa ufupi na uwazi ulichofanya, lini na wapi. Maelezo kama "alishirikiana na wengine kufanya ulaghai", bila kusema wewe binafsi ulifanya nini, ni kasoro halali ya kuishikilia.

Angalia pia kama hati ya kukamata bado ina nguvu. Ilifutwa? Kosa limepita muda wa kushtakiwa? Ulishahukumiwa na kutumikia kwa kosa hilo hilo? Pata karatasi ya mahakama inayosema hivyo.

### Nchi haikutaka kukurejesha

Anayeomba notisi nyekundu huahidi, chini ya kifungu cha 84 cha Kanuni za Data, kwamba ataomba mtu arejeshwe. Na mtu akipatikana, nchi hiyo inatakiwa kuchukua hatua bila kuchelewa. Ikiwa ulishikiliwa, nchi ikaarifiwa, siku zikapita na hakuna maombi yaliyoletwa hadi mahakama ikakuachia, hiyo ni hoja kamili. Ambatanisha amri ya kuachiwa yenye sababu.

### Usiandike haya

Usitukane nchi husika. Usimwage picha za mitandao ya kijamii mia moja. Usiweke shahidi wa kusema u mtu mwema. Na usidanganye hata jambo dogo: CCF itaiuliza nchi iliyotuma, na uongo mmoja ukifichuka unaondoka na hoja zote.

*Umefanikiwa ukiweza kufuta neno "hatia" kila mahali kwenye hoja zako na bado zikasimama.*

## Hatua ya 5: Linda siri zako kabla ya kutuma

Wengi hawalijui hili, na linaweza kuhatarisha maisha. CCF inaposhughulikia ombi huwasiliana na NCB ya nchi iliyotuma taarifa. Kwa msingi wake, yaliyomo kwenye ombi yanaweza kufikishwa upande wa pili, isipokuwa pakiwa na sababu ya kuyazuia. Kifungu cha 35 cha mkataba wa CCF kinaruhusu zuio hilo.

Kwa hiyo andika barua ya ukurasa mmoja ya kuomba usiri. Taja kila kiambatisho kwa namba: hiki kisipelekwe kabisa, hiki kipelekwe kikiwa kimefutwa anwani. Toa sababu kwa kila kimoja. "Naomba siri kwa kila kitu" ni ombi lisilosaidia, kwa sababu Tume haiwezi kuiuliza nchi maswali bila kutaja lolote.

Vitu vya kuviangalia mara mbili: anwani ya nyumba, shule ya watoto, majina ya ndugu waliobaki nyumbani, mahojiano yako ya ukimbizi, na majina ya mashahidi. Kama una wakili, tumia anwani ya ofisi yake. Kumbuka pia kwamba zuio hufanya kazi pande zote mbili: nchi nayo inaweza kuomba usioneshwe baadhi ya taarifa.

## Hatua ya 6: Tuma, kisha fuatilia kwa adabu

Tuma kwa njia iliyooneshwa kwenye ukurasa wa CCF siku hiyo. Kwa posta, anwani ni CCF, INTERPOL, 200 quai Charles de Gaulle, 69006 Lyon, Ufaransa. Ukituma kwa posta tumia ya kusainiwa inapopokelewa, na ubaki na nakala ya kila ukurasa.

Viambatisho vipewe namba na orodha mbele.

Utapata barua ya kuthibitisha kupokelewa yenye namba ya rejea. Namba hiyo iandike juu ya kila barua utakayoituma baadaye. Ikija barua ya kuomba nyongeza, jibu ndani ya muda uliopewa. Ukinyamaza ombi linaweza kufungwa.

Kukiwa na hatari ya haraka, mfano umeshikiliwa na kesi ya kurejeshwa inasikilizwa wiki ijayo, omba hatua za muda chini ya kifungu cha 37 cha mkataba wa CCF, ukiambatanisha karatasi ya mahakama yenye tarehe. Usilitumie ombi hili kama huna dharura ya kweli.

Kati ya barua moja na nyingine, usitume nyaraka mpya kila wiki. Zikusanye, zitume mara moja, zikiwa na maelezo ya kwa nini hazikuwapo mwanzo.

## Hatua ya 7: Gonga na mlango wa nchi iliyotuma

Kwa kuwa taarifa iko mikononi mwa nchi iliyoituma, njia fupi wakati mwingine haipiti Lyon kabisa. Mahakama ya nchi hiyo ikifuta hati ya kukamata, au mlalamikaji akilipwa na kesi ikafungwa kisheria, NCB yao inapaswa kuiondoa taarifa.

Tatizo ni kwamba kufungwa kwa kesi hakuondoi notisi kwenyewe. Karatasi husahaulika kati ya mahakama na polisi. Mtake wakili wako aipeleke amri NCB kwa mkono na kupata muhuri wa kupokelewa. Zikipita wiki kadhaa bila kitu kutendeka, ipeleke amri hiyo CCF pamoja na ushahidi wa muhuri.

Hatua hii huweza kwenda sambamba na ombi la CCF.

## Hatua ya 8: Kuusoma uamuzi

Hakuna taarifa. Hifadhi barua, lakini ijue tarehe yake. Inasema kuhusu siku ile tu.

Taarifa ipo, huu ndio muhtasari. Sasa una nchi, kosa na tarehe. Rudi hatua ya 4.

Kuna vizuizi vya kukueleza. Tume inatakiwa kutoa sababu. Unaweza kuandika kuomba angalau muhtasari, na unaweza kuendelea na ombi la kufuta kwa unachokijua.

Inafuata kanuni. Hakuna rufaa ya kawaida. Kifungu cha 42 cha mkataba wa CCF kinaruhusu kuomba mapitio pakigunduliwa jambo ambalo lingeweza kubadilisha uamuzi kama lingejulikana, na ombi lazima liwasilishwe ndani ya miezi 6 tangu ligunduliwe. Hoja ile ile kwa maneno matamu zaidi si jambo jipya. Uamuzi mpya wa mahakama, hadhi ya ukimbizi iliyotolewa juzi, kufutwa kwa mashtaka: hayo ndiyo.

Ifutwe au irekebishwe. Uamuzi unaifunga Interpol, na Sekretarieti Kuu hutakiwa kuutekeleza ndani ya mwezi mmoja. NCB za nchi zote hujulishwa na kuombwa kusafisha kumbukumbu zao.

## Kile ambacho Lyon haiwezi kukifikia

Kufutwa Interpol hakufuti hati ya kukamata ndani ya nchi iliyoitoa. Ukitua huko, utakamatwa.

Pia polisi hupeana taarifa nje ya Interpol: kwa makubaliano ya nchi mbili, au kwa ushirikiano wa kikanda kama EAPCCO ya wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 1998, na SARPCCO upande wa kusini, ambako Tanzania imo pia. Barua aliyoiandika mkuu wa upelelezi wa nchi moja kwa mwenzake haiko kwenye mafaili ambayo CCF inayakagua. Hapo unategemea sheria za ndani. Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zina misamaha kwa mambo ya usalama na uhalifu, kwa hiyo usitarajie mlango wazi, lakini ombi la maandishi linalokataliwa kwa maandishi lina thamani mahakamani.

Na ukikamatwa Kenya au Tanzania kwa taarifa iliyotoka nje, kurejeshwa kwako huamuliwa na mahakama kwa sheria ya nchi: Sura ya 368 kwa Tanzania, Sura ya 76 na 77 kwa Kenya. Mwambie wakili adai kuonyeshwa maombi rasmi ya nchi husika. Notisi peke yake haichukui nafasi ya maombi hayo.

## Kabla ya kusafiri tena

Nchi hunakili notisi kwenye mifumo yao ya ndani, na si zote zinazosafisha kwa wakati. Baada ya kupata barua ya kufutiwa, subiri uthibitisho kwamba uamuzi umetekelezwa ndipo ukate tiketi. Beba nakala ya barua kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, na nyingine ibaki kwa wakili mwenye simu iliyo hewani siku hiyo. Safari ya kwanza chagua njia isiyopitia nchi iliyokutafuta wala jirani yake wa karibu, hata kama tiketi ni ghali zaidi. Ukizuiwa, toa barua, taja namba ya rejea ya CCF, na uombe askari awasiliane na NCB ya nchi yake. Kisha iandikie CCF siku hiyo hiyo: nchi gani, uwanja gani, saa ngapi, na askari alisema nini.